Tunapozua Neno, Tunamzulia Nani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha baada ya alasiri, kumi la kwanza la Ramadhani. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa kiume na wa kike, ama baada ya hayo.

Nimepewa mada ya lugha ya vijana. Naona baadhi ya wazee mmeshajiweka sawa kwenye mkeka mkingoja niwateremshie hawa watoto wa Sheng, na baadhi ya vijana mmekaa karibu na mlango. Rudini ndani jamani. Leo sikuja kumgombeza mtu. Nimekuja na jambo moja tu: haya maneno mapya tunayoyazua kila siku, ya mambo yanayotupata na ya tabia za watu, hufanya kazi gani yakishatoka mdomoni?

Tuanze na hilo neno lenyewe, kuzua. Kiswahili chetu hakimwamini sana mtu anayezua. Anayezua ni mzushi. Habari ya kuzuliwa ni uwongo. Kumzulia mtu ni kumbandika jambo asilolifanya. Na sisi watoto wa madrasa tukisikia uzushi moja kwa moja twafikiria bid'a, nyuso zinakunjamana. Kwa hivyo mtu akisimama akasema "nimezua neno" ni kana kwamba amejishtaki kabla hajakamatwa. Lakini uzushi katika ibada ni mlango mwingine, na neno jipya ni mlango mwingine. Lau neno jipya lingekuwa haramu, sisi hapa leo tusingekuwa na namna ya kusema kwamba tumefunga.

Ngojeni nieleze. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa nalo neno saumu, na maana yake ilikuwa kujizuia tu. Hata farasi aliyesimama bila kula walimtaja kwa neno hilo. Sala ilikuwa ni dua. Zaka ilikuwa ni kukua na kutakasika. Sharia ikaja ikayachukua maneno hayo yaliyokuwa yakizurura mitaani, ikayapa kazi mpya. Ndio maana ustadh akifundisha fiqhi huanza kila mlango kwa kusema, hii ndio maana yake kilugha, na hii ndio maana yake kisharia. Wengi wetu pale huwa tunasinzia tukingoja afike kwenye nguzo na masharti. Kumbe pale ndipo penye kisa cha neno kuzaliwa mara ya pili.

Sasa tazameni wazee wetu wa pwani walivyofanya. Saumu walilichukua kama lilivyo. Lakini kwa kitendo chenyewe hawakwenda kuazima. Walitafuta ndani ya nyumba yao wakapata kufunga. Neno la mlango, neno la mzigo, neno la kamba. Unafunga kinywa alfajiri, unafungua magharibi. Mtoto wa miaka mitano anafahamu bila kueleweshwa. Na hawakuishia hapo. Ramadhani ikimalizika na Idi ikaingia, mwezi ule wa Shawwal wao wakauita Mfunguo Mosi, na wengine husema Mfungo Mosi. Unaofuata Mfunguo Pili, wa tatu, wa nne, hatta Mfunguo Sita, huo mwezi wa maulidi, wakaendelea mpaka tisa. Kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani wakaziacha na majina yake. Yaani mtu alijua yuko wapi katika mwaka kwa kuhesabu amekwenda umbali gani tangu alipofungua saumu ya mwisho.

Na siku za wiki ni hesabu ile ile. Jumamosi ni ya kwanza, ya kwanza tangu lini? Tangu Ijumaa. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Sisi twazitamka kila siku kama kasuku, lakini mtu fulani zamani alikaa akafikiria kwamba wiki ya watu wake inaanzia pale wanapotoka msikitini siku ya Ijumaa. Hatumjui jina. Hana cheti, hana baraza la lugha nyuma yake. Alizua neno na watu wakaona ndivyo maisha yao yalivyo, wakalipokea.

Na mengine je? Kuvunja jungu, ile karamu na matembezi ya mwisho wa Shaabani. Daku, chakula cha usiku wa manane. Na hapo hapo jirani yake daku kuna udaku, kazi ya kupeleleza habari za watu na kuzipeleka. Mimi si mtaalamu, siwezi kusema maneno haya mawili ni ndugu. Lakini ukikaa na watu wanaongoja kula daku kuanzia saa nne za usiku, utaona yanavyotembeleana.

Haya, tutoke kwa wazee tuje kwetu. Maneno mapya siku hizi yanatoka wapi? Yako ya wataalamu. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, yule mwanazuoni na malenga wa Lamu aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017, ndiye aliyetupa runinga. Akachukua rununu, habari inayovuma kutoka mbali, akachukua maninga, ambayo katika Kiswahili cha kale ni macho, akayaunganisha. Habari ya mbali unayoiona kwa macho. Njia yake ilikuwa kutafuta kwanza ndani ya lahaja zetu kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Na mtu huyo huyo ndiye aliyetunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, akaweka ndani yake majina ya sehemu za jahazi ili yasipotee. Kwa hivyo aliyekuwa akizua maneno mapya ndiye aliyekuwa akiyatunza ya zamani. Sisi vijana hutaka la kwanza tu, la pili twawaachia watafiti.

Lakini, tuseme ukweli, mwenye neno la mwisho ni barabara. Runinga utaisikia kwenye taarifa ya habari na kitabuni, nyumbani watu wanawasha tivii. Tarakilishi iko kwenye mtihani, dukani wanatengeneza kompyuta. Na upande wa pili, neno matatu hakuna aliyekaa kikao akalipitisha. Nauli ilikuwa mapeni matatu, senti thelathini, utingo akawa anaita tatu tatu, basi. Nauli imepanda mara ngapi tangu hapo? Jina liko pale pale.

Kuna yale ya zamani yaliyofufuliwa. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, nchi nzima ilijifunza neno barakoa, mpaka polisi barabarani. Lakini bibi zetu walikuwa nalo. Barakoa ilikuwa ni kifuniko cha uso cha wanawake, neno la Kiarabu lililokaa pwani miaka na miaka mpaka likakaribia kusahauliwa. Likapewa kazi mpya likaamka. Au fuliza. Tangu 2019 ukisema fuliza, Mkenya anafikiria mkopo wa M-Pesa. Neno lenyewe la asili ni kufanya jambo moja kwa moja bila kusita, kufululiza. Na wallahi watu wanafululiza kweli, wanalipa asubuhi, wanakopa adhuhuri. Sijui aliyelichagua alikusudia ukweli huo ama ulimponyoka.

Hata huo mchezo wa vijana wa kugeuza silabi, ambao wazee wanasema umeletwa na Nairobi, una wenyewe hapa hapa. Watoto wa zamani walikuwa na kinyume, wanachukua silabi ya mwisho wanaitanguliza, nyumba inakuwa mbanyu. Askofu Edward Steere alikuta watu wakikizungumza Unguja katika karne ya 19 akakieleza katika kitabu chake. Kwa hivyo mzee wangu, ukimsikia kijana anapindua maneno, muulize babu yako alikuwa akipindua nini.

Sasa basi, kuzua neno kuna raha yake na kuna faida yake. Jambo likiwa halina jina, unalihisi peke yako. Likipata jina, unagundua kumbe mko wengi. Juzi katika darasa letu la jioni tulifanya mazoezi haya. Tulisema kila mtu alete jambo moja la kila siku ambalo halina jina, na jina lazima litoke katika Kiswahili chenyewe, si kubandika i mwisho wa neno la Kizungu.

Mmoja akaleta zile dakika kumi za mwisho kabla ya adhana ya magharibi. Siku nzima umekwenda vizuri, lakini zile dakika kumi ni ndefu kuliko asubuhi yote. Sambusa ziko mezani, uji umepoa, saa imegoma. Akasema, si tuna methali ya mtu aliyekula ng'ombe mzima akashindwa na mkia? Basi hapo tuko mkiani. "Mama usinisemeshe, niko mkiani." Darasa zima lilipiga makofi. Siku ya pili nikasikia watoto wa nje ya darasa wanalitumia, na ndugu zangu, hakuna tuzo kubwa kuliko hiyo.

Dada mmoja akaleta unjiani. Wajua ukimpigia mtu simu, uko wapi, anakwambia niko njiani, na wewe wasikia kabisa maji ya bafuni yanamwagika? Huo ndio unjiani, na mwenye nao ni mnjiani. Na mwingine akaleta kunawia. Mumekula hotelini watu sita, bili ikitokeza tu kwenye pembe ya macho, kuna mwenzenu anainuka kwenda kunawa mikono. Harudi mpaka mambo yamekwisha. Huyo amewanawia. Wazee walikuwa nalo lao la karibu na hilo, kudowea, kwenda kwa watu kwa makusudi wakati wa chakula. Lakini mdowezi humjia mwenzake chakula kikiiva, anayenawia huondoka bili ikifika.

Tulicheka sana siku ile. Lakini kuna mmoja alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya nibadilishe maneno niliyokuwa nimeyatayarisha kwa ajili ya leo. Alisema: mbona maneno yetu yote mapya ya mambo mabaya ni matamu?

Tukajaribu kuhesabu. Tuchukueni rushwa. Kiarabu kimetupa rushwa, sisi wenyewe tuna mlungula, na tuna hongo. Na hongo lina historia yake. Katika karne ya 19 hongo lilikuwa ni ushuru ambao misafara ya biashara ililipa kwa watawala wa bara ili ipite katika ardhi yao. Lilikuwa jambo la wazi, watu wanakaa wanapatana, vitambaa vingapi, shanga ngapi. Baadaye likageuka likawa malipo ya kificho, neno likachacha, na likichacha mtu huona haya kulitamka. Hapo ndipo tunapozua. Tukasema chai. Tukasema kitu kidogo. Nani atamnyima mwenzake chai? Mgeni akija si umpe chai? Kitu chenyewe ni kidogo, wameshakwambia. Afisa hakuambii "nipe rushwa", maana masikio yake mwenyewe yangemshitaki. Anakwambia hujaninunulia chai. Na wewe unatoa, na unatoka pale ukijihisi karimu.

Au chukueni zina. Miaka ya mwisho mwisho ya 2000 kulikuwa na matangazo ya kupambana na ukimwi yakiwaambia watu waliooa na kuolewa waache mpango wa kando. Nia ilikuwa ni kuonya. Lakini neno likawapendeza watu, wakalichukua wakaenda nalo. Tazama lilivyovaa. Mpango! Kama mpango wa maendeleo, kama mpango wa kaunti. Mwanamume ambaye hangeweza kusema mbele ya wenzake "mimi ni mzinifu" anaweza kusema kwa kicheko kwamba ana mpango wa kando, na wenzake wakacheka, na wakamuuliza unaendeleaje.

Lakini linalotuhusu sisi hapa zaidi, maana wengi wetu hatuna ofisi ya kulia rushwa, ni la tatu. Mushene. Nasikia vicheko huko upande wa kina dada, na upande wa kina kaka mmenyamaza kana kwamba nyinyi hamna. Mtume (S.A.W.) aliwauliza maswahaba kama wanajua ghiba ni nini, kisha akawabainishia kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Wakauliza, je, ikiwa jambo hilo analo kweli? Akawajibu kwamba ikiwa analo, hiyo ndiyo ghiba yenyewe, na ikiwa hana, basi hiyo ni buhtani, umemsingizia. Haikubaki nafasi katikati. Sasa mimi niulize: ni nani hapa aliyewahi kumpigia mwenzake simu akamwambia "njoo, nina ghiba"? Hakuna. Lakini "nina mushene" twaambiana kila siku, na tunaambiana kwa sauti ya mtu aliyebeba halwa. Kitu ni kile kile. Tumekibadilisha karatasi tu. Na hii Ramadhani, mtu anayejihadhari asimeze mate yake akapitisha alasiri nzima kwenye mkeka na mushene, yeye anahesabu kwamba amepumzika.

Hapo nakumbuka Mtume (S.A.W.) alivyofanya na neno muflisi. Aliwauliza maswahaba, ni nani muflisi? Wakampa maana ya sokoni, kwamba ni mtu asiyekuwa na pesa wala mali. Yeye akawapa maana ambayo hawakuitazamia. Muflisi wa umma wake ni mtu anayekuja siku ya kiama na sala na saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya huyu, akampiga yule, basi wanagawiwa thawabu zake mpaka zinakwisha, kisha anabebeshwa madhambi yao. Tazameni lilivyofanya kazi lile neno. Kila mtu mjini Madina alijua muflisi wa sokoni anavyofanana, alivyoinamisha kichwa, wadai walivyomzunguka. Picha ile ile ikahamishwa. Neno hilo halikufunika jambo, lililifunua. Chai na mpango wa kando na mushene ni kinyume chake, jambo lipo linanuka, neno linakuja na udi.

Sasa niingie kwenye sehemu iliyo nzito zaidi, na naomba mnivumilie, najua tuko karibu na mkiani.

Tofauti kubwa ninayoiona ni hii. Ukizua neno la kitendo, mtu anaweza kukiacha kitendo akaliacha na neno. Leo ameninawia, kesho akalipa yeye, yamekwisha. Lakini ukizua neno la mtu, ukambandika yeye mwenyewe, umemvika nguo isiyo na vifungo. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kuitana kwa majina mabaya, na aya inayofuata ndiyo inayokataza kusengenyana. Zimepangwa jirani. Sisi huwa twaisoma sana ile ya pili, ile ya kwanza twaipita haraka kwa sababu majina twayahesabu ni mzaha.

Katika mtaa mmoja ninaoujua kulikuwa na mtoto wa miaka minane au tisa. Ramadhani moja, mchana wa jua kali, wenzake wakamkuta kwenye bomba la maji anakunywa. Hajabaleghe, saumu haijamuwajibikia, alikuwa anajaribu tu kama watoto wote wanavyojaribu. Wajua katika sehemu za pwani mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha huitwa kobe. Anaingiza kichwa ndani, anatafuna, anakitoa. Ni tashbihi nzuri, siikatai. Basi wakamwita Kobe. Ramadhani ikaisha, jina halikuisha. Akaingia darasa la nane ni Kobe. Akamaliza shule ya upili ni Kobe. Watoto waliozaliwa baada ya kisa kile wakamwita Kobe wala hawajui kwa nini. Leo ni mwanamume mzima, ana kazi, ana mke, na saumu zake anafunga zote. Lakini tarawehe hasali mtaani kwao. Anapanda gari anakwenda msikiti wa mbali, mahali ambapo hakuna anayelijua jina lile. Nilipomuuliza sababu alisema, "Huko nikiingia, mimi ni mtu tu." Miaka kumi na tano na zaidi, kwa glasi moja ya maji ambayo wala haikuandikwa kuwa ni dhambi.

Na hilo lilikuwa jina la mzaha. Kuna ambalo si mzaha, na familia zilizoko hapa zinalijua, na sitamwangalia mtu usoni nikilitaja. Teja. Mateja.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, kwa hivyo ruhusuni niliangalie neno hili kama fundi anavyoangalia injini. Mteja ni mnunuzi, ni mtu anayeheshimiwa, duka zima linamchekea. Wateja. Ukiitoa ile m ya mwanzo unapata teja, mateja. Sasa hiyo m tuliyoitoa ni kitu gani? Katika Kiswahili hiyo ndiyo silabi ya utu. Mtu, watu. Mtoto, watoto. Mgonjwa, wagonjwa. Ukiitoa, jina linakwenda kukaa na majitu na majizi na mapipa. Hatukumtukana kwa neno jipya, tumemvua tu ile herufi moja iliyokuwa ikishuhudia kwamba ni binadamu. Na tukishamvua hatuoni tabu tena. Amelala kwenye baraza twamruka. Amekufa, twasema ni teja mmoja huyo. Hakuna anayesema amekufa mtoto wa fulani.

Na wao wenyewe walipata neno, maana walikuwa na jambo linalowapata ambalo sisi hatulijui. Arosto. Ni yale maumivu yanayomjia mtu unga ukimkosa, mifupa inamuuma, tumbo linamkata, baridi na jasho kwa pamoja. Neno hilo lilizaliwa kwenye mateso, na linafanya kazi yake sawasawa, maana anayelisema anaomba msaada. Sisi tukalichukua tukalifanya kichekesho. Saa tisa alasiri mtu kichwa kinamgonga kwa kukosa chai, anasema nina arosto ya chai. Sisemi ni haramu. Nasema tu kwamba yuko mama ambaye neno hilo analisikia kila usiku nyuma ya mlango wa chumba, na akilisikia kwenye mzaha wetu halimchekeshi.

Wako wanaosema mraibu, na vyombo vya habari vinalitumia. Ni afadhali, angalau ile m imerudi mahali pake. Na lenyewe lina safari yake, maana uraibu wa zamani ulikuwa tambuu, ile ya kutafuna na popoo, jambo la starehe na heshima la wazee.

Lakini kuna pengo, na hili ndilo nililolibeba mpaka hapa. Tangu 2015 kuna kliniki za methadoni hapa pwani, Malindi na Mombasa. Wako vijana wanaokwenda kila siku, wanakunywa dawa yao, wanakwenda kazini, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Wengine tunasimama nao safu moja. Tuwaite nani? Tunalo neno la alipokuwa ameanguka, na tumelinoa kweli kweli. La alipoinuka hatuna. Kwa hivyo mtu ana miaka sita hajagusa, na mtaa bado unasema yule teja wa zamani, au yule aliyekuwa teja, yaani hata tukimsifu tunamfunga kwenye kamba ile ile.

Tulilileta swali hili darasani. Mmoja alipendekeza mwongofu, likakataliwa, kwa sababu watu watadhani amesilimu leo. Mwingine akasema mponaji, likaonekana la hospitali mno, na yeye mwenyewe labda hatapenda kuitwa mgonjwa kila siku. Mimi nilipendekeza mrejea, kutokana na kurejea, kama mtu aliyesafiri akarudi kwao. Lina m yake mbele. Na mtu akiuliza amerejea kutoka wapi, si lazima ajibiwe. Ndugu mmoja ambaye yuko katika njia hiyo, na alinipa ruhusa niseme hili bila jina lake, alilisikiliza akafikiria, kisha akasema si baya, lakini yeye angependa zaidi aitwe kwa jina alilopewa na baba yake siku ya akika. Nilikosa la kujibu, na mpaka sasa silo nililo nalo.

Lakini wako ambao hawajafika alipofika yeye, na mama zao wanataka neno la kusema jirani akiuliza hali ya mtoto. Kwa hao bado tunatafuta. Mwenye neno bora kuliko mrejea alilete darasani kesho, saa kumi na nusu, chumba cha juu. Na akina mama pia karibuni, maana naona nyinyi ndio mtakaolitumia kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.